Kwa nini Nyiragongo ilipasuka bila kutuonya? Sehemu ya jibu iko ndani ya nyufa ndogo za jiwe

Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ilikuwa siku ya posho. Jioni, wakaaji wa Goma na wa teritware ya Nyiragongo waliona mbingu imekuwa nyekundu. Ubavu wa mulima ulikuwa umepasuka, na lava ilianza kushuka. Watu karibu 30 walipoteza maisha, nyumba elfu kadhaa zikaungua, na lava ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mara mamia. Katikati ya muji, barabara na kuta zilifunguka nyufa ambazo mutu anaweza kuingiza mukono ndani. Tarehe 27, serikali ya provensi iliomba sehemu kubwa ya muji ihame. Watu karibu 400 000 wakashika njia ya Sake, ya Rutshuru na ya Rwanda, wengine wakapanda mashua.

Tangu ile wakati, swali moja linarudi kila mara: mulima wenye kuangaliwa na wataalamu usiku na muchana, namna gani ulipasuka bila kututangazia?

Kukosa pesa na vifaa ni shida ya kweli katika kazi ya kuangalia volkano kwetu, na tunaizungumuzia mara kwa mara. Lakini kuko sababu ingine, yenye inatoka ndani ya jiwe lenyewe. Ili kuielewa inafaa tuanze na kitu kidogo sana: nyufa zenye urefu wa milimita moja ao chini yake, nyembamba kuliko unywele, zenye ziko ndani ya karibu kila jiwe. Nyufa hizi ndizo zinaamua jiwe litajikunja namna gani, litabeba muzigo gani, na litapasuka wakati gani.

Jiwe nalo linajikunja kama lastiki

Tukisema "gumu kama jiwe", tunafikiri jiwe halisogei hata kidogo. Siyo kweli. Ukilikandamiza, linafupika. Ukiliachia, linarudi. Ni kama lastiki ya suruali, ila kwa kipimo kidogo sana. Tabia hii ya kujikunja na kurudi ndiyo wataalamu wanaita unyumbufu. Mu 1678 Mwingereza Robert Hooke aliandika sheria yake: ukiongeza nguvu mara mbili, kitu nacho kinarefuka ao kinafupika mara mbili.

Tuchukue mufano. Kilomita moja ya mwamba juu ya kichwa inakandamiza kwa nguvu ya megapaskali 27 hivi. Hiyo ni zaidi ya mara mia ya upepo wenye uko ndani ya tairi ya gari. Chukua kipande cha graniti chenye urefu wa metre moja, ukibebeshe ule muzigo. Kitafupika karibu nusu ya milimita, na ukitoa muzigo kitarudi. Nusu milimita ni kidogo, lakini ukihesabu mulima muzima, wenye kilomita na kilomita za mwamba, zile nusu milimita zinabeba nguvu kubwa sana. Nguvu hiyo ikiachiliwa kwa ghafula, ndiyo tunaita tetemeko la ardhi.

Lakini jiwe halifuati sheria ya Hooke sawasawa. Na yenye kuliharibia hesabu ni zile nyufa.

Mufano wa kaye ya mwanafunzi

Chukua kaye ya zamani ya mutoto wa masomo, ile yenye imepata maji ikakauka, karatasi zake zimejikunja. Iweke juu ya meza na uikandamize kwa kidole. Mwanzo inashuka kwa urahisi. Kisha inakataa. Hata ukiweka nguvu ya mukono muzima, haishuki tena sana. Karatasi ni zilezile. Tofauti ni kwamba mwanzo ulikuwa unafunga nafasi zenye ziko kati ya karatasi, na sasa unakandamiza karatasi zenyewe.

Jiwe linafanya vilevile. Mafundi wakiliweka ndani ya mashine ya kukandamiza, sehemu ya kwanza jiwe iko laini: muzigo kidogo, kufupika mingi. Hapo nyufa ndizo zinafungwa. Kisha jiwe linakuwa gumu na linafuata sheria ya Hooke vizuri. Mwisho, karibu ya kupasuka, linaanza tena kulegea, kwa sababu nyufa mupya zinafunguka. Ni hatua tatu: kufunga, kubeba, kufunguka.

Mu 1923, watafiti wawili wa Washington, Adams na Williamson, walikandamiza mawe ya namna mbalimbali wakaona jambo la kushangaza. Graniti imejengwa na kwarzi, feldspari na mika. Ugumu wa kila moja ulijulikana. Lakini ukifanya hesabu ya kuzichanganya, unapata jiwe gumu kuliko lile lenye uko nalo mukononi. Kitu fulani kilikuwa kinalegeza jiwe. Walipopandisha nguvu mpaka karibu mara 2 000 ya uzito wa hewa yenye tunapumua, ile tofauti ilipotea. Wakaeleza kwamba ni nyufa ndogo zilikuwa zimefungwa. Mu 1965, Mumarekani mumoja, J. B. Walsh, aliandika hesabu kamili yenye inaonyesha namna ufa unalegeza jiwe. Mpaka leo wanafunzi wa jiolojia wanaitumia.

Ufa mwembamba unashinda tundu la mviringo

Hapa ndipo kuko jambo lenye watu wengi hawalitazamii. Jumla ya nyufa hizi ni kidogo sana. Mara mingi hazifiki hata sehemu moja ya mia ya jiwe. Lakini zinaweza kupunguza ugumu wake karibu nusu. Tundu la mviringo lenye nafasi ileile halifanyi vile.

Jaribu nyumbani na sabuni ya kufulia. Kwa kipande kimoja, toboa tundu kwa musumari. Kwa kipande kingine, kata kwa uzi mwembamba mpaka katikati, bila kutoa hata kidogo cha sabuni. Kisha vikunje vyote viwili. Chenye tundu kinabaki na nguvu karibu yote. Chenye kukatwa kinafunguka kama kinywa. Kwa uzi haukutoa kitu, lakini umeondoa mushikamano kati ya upande huu na ule. Tundu la mviringo liko kama dari ya kanisa yenye kupinda: muzigo unalizunguka. Ufa uko kama mulango wenye haukufungwa: ukisukuma kidogo, unasogea.

Kwa hiyo umbo ndilo lina maana kuliko ukubwa. Wataalamu wanalinganisha unene wa ufa na urefu wake. Ufa wenye urefu wa milimita moja na unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita unafungwa kwa nguvu ya megapaskali 50 ao 60 hivi. Hiyo ni sawa na uzito wa kilomita mbili za mwamba. Ufa munene mara kumi unaomba nguvu mara kumi, ni kusema kina cha kilomita karibu 20. Basi ukishuka ndani ya ardhi, nyufa nyembamba zinafungwa kwanza, na jiwe linakuwa gumu pole pole.

Hiyo inahusu mwamba mukavu. Kama nyufa zimejaa maji, ao gazi, ao mawe ya kuyeyuka, kile kilicho ndani kinasukuma kuta zake, na ufa unaweza kubaki wazi hata chini sana. Tutarudi kwa jambo hili, juu ni hapo hatari inaanzia.

Nyundo ya muchimbaji inasema kweli

Wachimba migodi wazoefu wa Kivu, Maniema na Ituri wanajua jambo moja bila kulisoma shuleni. Mbele ya kuingia ndani ya galeri, unagonga dari kwa nyundo. Jiwe zima linalia kwa sauti kali, kama chuma. Jiwe lenye limeachana linalia sauti nzito, kama sanduku tupu. Ukisikia ile ya pili, unarudi nyuma. Vilevile wenye kununua mawe ya kujengea wanayagonga mbele ya kulipa.

Sayansi inafanya kitu kilekile, ila na vyombo. Sauti inapita haraka ndani ya jiwe gumu, na polepole ndani ya jiwe lenye nyufa. Ndani ya graniti yenye nyufa nyingi karibu ya uso wa ardhi, sauti inaweza kwenda kilomita 4 kwa segonde. Ukifunga nyufa zake kwa kuikandamiza, sauti inafikia kilomita karibu 6 kwa segonde. Jiwe ni lilelile.

Kuko mawimbi ya namna mbili yenye kupita ndani ya mwamba. Ya kwanza inasukuma na kuvuta mbele na nyuma. Ni hii inafika kwanza wakati wa tetemeko, na mara mingine unaisikia kama mulio. Ya pili inatikisa kando kando, inafika nyuma, na mara mingi ndiyo inaangusha kuta. Ufa mukavu unapunguza mbio ya zote mbili. Lakini ufa wenye kujaa maji unapunguza ya kwanza kidogo tu, juu maji yanakataa kukandamizwa. Ya pili haisaidiwi na maji, juu maji hayawezi kushikilia kitu chenye kuteleza kando. Kwa kulinganisha mbio ya mawimbi haya mbili, mutaalamu anaweza kukisia kama mwamba wa chini uko na nyufa kavu ao nyufa zenye majimaji, bila kuchimba hata metre moja.

Maji ya mvua na dari ya shimo

Kila wakati wa mvua tunatangaza habari za mashimo yenye yameanguka. Mwezi wa tisa 2020 huko Kamituga, mvua kubwa iliingia ndani ya mashimo ya dhahabu, na watu karibu 50 walihesabiwa kuwa wamekufa. Mara mingi watu wanasema "udongo ulilowa". Ni kweli, lakini hata ndani ya mwamba mugumu, maji yanafanya kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni kusukuma. Maji yakijaza ufa wenye kusimama mpaka urefu wa metre 10, kule chini yanasukuma kila metre karé kwa nguvu ya tani 10. Hata kama ufa ni mwembamba kama karatasi, nguvu ni ileile. Ukubwa wake hautegemei wingi wa maji, unategemea urefu wake. Ndoo chache za mvua ndani ya ufa murefu zinaweza kusukuma kipande cha mwamba chenye hakuna watu wanaweza kukisogeza.

Kazi ya pili ni ya kimya. Maji yanakula ncha ya ufa. Ndani ya kwarzi na mawe mengine mengi, maji yanalegeza mafungo yenye kushika chembe na chembe. Kwa hiyo ufa unaweza kurefuka polepole, siku kwa siku, chini ya muzigo wenye jiwe kavu lingeubeba bila shida. Ndiyo maana dari yenye ilibeba mwaka muzima inaweza kuanguka asubuhi moja bila mutu kuigusa. Muzigo haukuongezeka. Ni ufa ndio uliendelea kutembea.

Kwa hiyo mbele ya kuingia shimo kisha mvua kubwa, siku moja ao mbili za kungoja si uvivu. Na kugonga dari kunafaa kufanyika kila siku. Dari yenye ililia vizuri jana inaweza kulia vingine leo.

Wakati jiwe linafikia mwisho

Mu 1921, Mwingereza A. A. Griffith alijiuliza kwa nini vioo vinavunjika kwa nguvu ndogo kuliko ile yenye hesabu ya chembe zake inatoa. Jibu lake lilikuwa nyufa. Ufa unakusanya nguvu kwenye ncha yake, kama vile unapasua kitambaa kwa urahisi kama umeanza kukikata kidogo kando. Na kadiri ufa unakuwa murefu, ndivyo inaomba nguvu kidogo kuuendeleza. Ikifika kipimo fulani, unakimbia wenyewe.

Hii inaeleza kwa nini jiwe linastahimili sana kukandamizwa, lakini halipendi kuvutwa. Kulikandamiza kunafunga nyufa nyingi, kulivuta kunazifungua. Nguvu ya kupasua jiwe kwa kulivuta ni karibu mara kumi chini ya ile ya kulivunja kwa kulikandamiza. Sisi wa Kivu tunaishi hasa fasi ardhi inavutwa. Bonde la ufa la Afrika ya Mashariki, lenye limebeba Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika, linapanuka milimita chache kila mwaka. Kalemie ilitikiswa na tetemeko la kipimo cha 6,8 tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili 2005. Bukavu ilitikiswa na la 5,9 tarehe 3 mwezi wa pili 2008. Ni ardhi ileile yenye kuvutwa, na mwamba uleule wenye nyufa.

Mu 1966, William Brace na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha jambo lingine. Walipokandamiza jiwe kwa nguvu karibu ya kulivunja, walikuta linaanza kuvimba kuliko hesabu. Unalikandamiza juu na chini, nalo linapanuka kando. Kule kuvimba kunaanza mara mingi wakati jiwe limebeba kati ya sehemu moja ya tatu na mbili ya tatu za muzigo wa kulivunja. Ni nyufa mupya zinafunguka ndani. Na kila ufa wenye kufunguka unatoa mulio mudogo, wenye sikio letu halisikii lakini chombo kinaushika. Mulio unaongezeka kadiri jiwe linakaribia mwisho.

Ukisoma hapo unaweza kusema: basi, tumeshinda. Tuweke masikio ndani ya ardhi, tungoje mulio uongezeke, kisha tukimbie. Katika miaka ya 1970 wataalamu wengi waliamini vile kwa matetemeko. Walitafuta mabadiliko ya mbio ya mawimbi mbele ya tetemeko, kwa kufikiri nyufa zenye kufunguka zitaonekana. Mara fulani waliona kitu, mara mingi hawakuona. Mpaka leo hakuna mutu mwenye anaweza kutaja siku na saa ya tetemeko. Ukipokea kwa WhatsApp ujumbe wa sauti wenye kusema "leo usiku saa nane ardhi itatetemeka", ujue ni uongo, hata kama unataja jina la mutaalamu.

Ndani ya Nyiragongo

Sasa turudi kwa mulima. Kisha mulipuko wa 2002, lava ilirudi kukusanyika juu ndani ya shimo la Nyiragongo, ikafanya ziwa la moto lenye lilijulikana dunia nzima. Kwa miaka karibu 19, lile ziwa lilikuwa linapanda na kushuka. Fikiria ukuta wa mulima kama ukuta wa bidó kubwa: ndani kuko muzigo wa lava nzito na moto mukali, inje kuko hewa tu. Kila kupanda kunasukuma ukuta, kila kushuka kunauachia.

Moto nao unapasua. Wamama wenye kupika kwa mafiga wanajua: jiwe lenye limepata moto mingi na kisha maji, linapasuka. Sababu ni kwamba chembe za ndani ya jiwe hazipanuki kwa kipimo kimoja. Moja inasukuma jirani yake, na kati yao kunafunguka ufa. Na mulima wa volkano umejengwa na lava ya kale yenye ilipasuka tangu ilipopoa.

Ongeza na kuchoka. Ufa wenye kusukumwa na kuachiliwa mara elfu haurudi vile ulikuwa: kuta zake zinasuguana, na ncha inasogea kidogo. Mu 1950, Mujerumani Joseph Kaiser aliona kwamba kitu chenye kimebeba muzigo mara ya kwanza kinatoa milio, lakini ukikirudishia muzigo uleule kinanyamaza mpaka upite kipimo cha kale. Baadaye wengine walikuta jambo lile ndani ya mawe. Ni kama jiwe linakumbuka muzigo mukubwa zaidi wenye lilishabeba. Maana yake kwetu: mulima wenye umezoea muzigo fulani unaweza kukaa kimya, hata kama uko karibu ya mwisho wake.

Mu 2022, Delphine Smittarello na wenzake, pamoja na watafiti wa hapa kwetu, walitangaza uchunguzi wao ndani ya gazeti la sayansi Nature. Kwa kusoma vyombo vilivyokuwa kazini siku ile, walikuta kwamba ishara za kwanza zenye kueleweka zilitokea chini ya saa moja mbele ya lava kutoka. Maelezo yao ni haya: mara mingi volkano inatuonya kwa sababu lava inapanda kutoka chini sana, na inapopanda inapasua mwamba mugumu, inatoa matetemeko kwa siku ao wiki. Mu 2021 lava ilikuwa tayari imefika juu, ndani ya mulima. Haikuwa na njia ndefu ya kupasua. Ni ukuta wa mulima ndio ulishindwa kuibeba. Ukuta ulipopasuka, lava ikatoka mara moja.

Onyo kubwa lilikuja nyuma. Kisha ubavu kupasuka, lava ingine iliingia chini ya ardhi kama kisu, ikielekea kusini, ikapita chini ya Goma mpaka chini ya Ziwa Kivu. Urefu wa ule mupasuko ulikuwa karibu kilomita 25, na kina chake kilikuwa kidogo. Ndiyo ilileta matetemeko ya zile siku na nyufa za barabarani. Hofu ya kwamba lava ingetoka ndani ya muji ao ndani ya ziwa ilikuwa na msingi. Kuhama kwa watu hakukuwa hofu ya bure, hata kama mwisho lava ilibaki chini.

Wataalamu wanasikiliza namna gani leo

Kuko njia yenye inatumia nyufa hizi moja kwa moja. Mawimbi ya bahari na ya ziwa, upepo na magari vinatikisa ardhi kidogo kila segonde. Ukiweka vyombo viwili fasi mbili na ukilinganisha ile mitikisiko ya siku nyingi, unapata mbio ya mawimbi kati yao. Nyufa zikifunguka, mbio inashuka. Kwenye volkano Piton de la Fournaise, kisiwa cha La Réunion, watafiti waliona mbio ikishuka karibu sehemu moja ya elfu siku kadhaa mbele ya milipuko. Huko Parkfield, California, mbio ilishuka kisha tetemeko la 2004, na ilichukua miaka kurudi, maana yake mwamba ulikuwa unafunga vidonda vyake polepole.

Kwetu, Observatoire Volcanologique de Goma inaangalia Nyiragongo na Nyamulagira, na kituo cha CRSN Lwiro, huko Kabare, kinafuata matetemeko tangu wakati wa ukoloni. Vyombo vinavyopima namna ardhi inajikunja, gazi zenye kutoka ndani ya nyufa, na matetemeko madogo vyote vinaangalia kitu kimoja: nyufa zinafungwa ao zinafunguka? Lakini kila mulima uko na tabia yake. Kile kilionekana La Réunion hakitoi ahadi kwa Nyiragongo.

Wewe na mimi tufanye nini?

Kwanza, kama onyo linaweza kuwa la chini ya saa moja, matayarisho hayawezi kungoja onyo. Njia ya kukimbilia, fasi ya kukutana kwa jamaa, makaratasi muhimu ndani ya mufuko mumoja: hayo yanapangwa wakati mulima umetulia. Rangi za tahadhari zenye kutumiwa Goma, kijani, manjano, chungwa na nyekundu, zinasaidia, lakini mu 2021 mulima haukupita ngazi moja moja.

Pili, jifunze kusoma ufa wa ukuta wako. Ufa wa nyumba si ufa wa mwamba wa chini. Mara mingi unatoka kwa simenti kidogo ao musingi mubaya. Lakini ufa wenye kusogea unasema kitu. Piga alama kwa kalamu kwenye ncha zake mbili na uandike tarehe. Kisha wiki mbili, angalia. Kama umepita alama, ao kama mupasuko umefunguka ndani ya ardhi yenyewe na kutoa mvuke ao harufu, usiingize mukono ao kichwa. Weka watoto mbali na ujulishe shefu wa kartiye ao OVG.

Tatu, kwa wachimbaji na wavunja mawe: gongeni dari kila asubuhi, ogopeni siku za kisha mvua, na musisahau kwamba moto mukali wa kupasulia mwamba unapasua pia mwamba wenye hamukutaka upasuke. Nyufa zenye ule moto umefungua hazionekani kwa macho, na ndizo zinaendelea kutembea wakati muko ndani.